Sura ya Tano: Pete za Ukindu

Mikono ya mzee ilikuwa imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, mmoja huku na mmoja kule, na Inspekta Yimer Muhe alianza na fundo kabla ya kumtazama mzee usoni. Ndiyo ilikuwa kawaida yake. Uso wa mgonjwa humtia mtu huruma, na huruma ikitangulia, macho hayafanyi tena kazi yake.

Fundo lilikuwa la mtu anayejua kazi. Halikubana. Vidole viwili vilipita chini yake bila shida, na mfungaji alikuwa ametanguliza pamba ili ngozi isiumie. Hata hivyo ngozi ilikuwa imechubuka kuzunguka vifundo vyote viwili, kidonda kipya juu ya kidonda cha jana. Maana yake mzee alikuwa anavuta, na anavuta kwa nguvu za mtu aliye na mahali pa kwenda.

Mwenyewe, Merigeta Lisanework, alikuwa ameugeukia ukuta. Alikuwa mkuu wa waimbaji wa kanisa la juu pale Weyra Amba tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nusu ya Wakristo wa mji huo walijifunza kusoma chini ya fimbo yake. Sasa alibaki ngozi na mifupa. Homa ya mapafu iliyomleta hospitali ilikuwa imepungua, lakini ilipoondoka iliondoka na sehemu ya akili zake.

Yimer alifunua shuka. Magoti yote mawili yalikuwa yamevimba na kuchubuka, goti la kushoto sawa na la kulia. Viganja vilikuwa vimevilia damu upande wa chini, karibu na kifundo. Na katikati kabisa ya paji la uso palikuwa na jeraha la mviringo, lililoanza kukauka kisha likatoneshwa tena. Akamwinua taratibu amtazame mgongo. Ulikuwa safi kama wa mtoto. Ubavu nao safi, na mikono kwa nje hivyo hivyo, pale ambapo mtu anayepigwa hupokea fimbo akijikinga.

Mashtaka yalikuwa yameletwa jana Jumatano na mwana wa mzee, Bezabih, dereva wa lori la nafaka, mtu mpana mwenye sauti ya kuzidi injini yake. Alirudi kutoka safari, akakuta baba yake ana majeraha hayo. Akainama ambusu, kama mtoto yeyote anavyomsalimu baba yake, na baba akamsukuma kwa mkono, akageuza uso asiseme neno. Bezabih aliwaambia polisi kwamba hajawahi kuona hofu namna ile. Kisha Sheikh Arebu, mgonjwa wa kitanda cha jirani, akamwambia kuwa tangu Jumatatu, kila asubuhi, nyuma ya pazia, anasikia mtu akipigwa.

Asubuhi ilikuwa zamu ya Sista Fantaye. Jioni ile ile Fantaye alikuwa kituoni, na kesho Ijumaa angesimamishwa mbele ya hakimu. Alipoulizwa alisema maneno mawili tu, kosa langu, akafunga kinywa.

Mkuu wa kituo alifurahi. Yimer hakufurahi. Katika miaka yake yote ya kazi, watu wanaowapiga wanyonge hawakuwahi kukosa la kusema: alinianza yeye, aliteleza, nilikuwa najikinga. Binti anayekubali haraka hivi alikuwa anakubali jambo jingine.

Mkuu wa wodi, Sista Abonesh, alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye msalaba mdogo wa bluu aliochanjwa kwenye paji la uso tangu utoto, na mwendo wa mtu ambaye hajakaa chini tangu alfajiri. Yimer alimwuliza nani amefunga bandeji ile.

"Mimi," alisema. "Na zamu ya usiku hufunga kwa amri yangu. Andika."

Hakuona haya, wala hakungoja kuulizwa zaidi, akaeleza. Aliwahi kuwa na bibi mmoja katika kitanda hicho hicho, aliyeamka akidai ng'ombe wake wamepotea. Akashuka kuwatafuta, akaanguka, nyonga ikavunjika. Bibi yule hakuinuka tena mpaka alipobebwa kwenda kuzikwa. Tangu hapo mzee yeyote anayepanda na kushuka hufungwa. Wodi imejaa, wauguzi hawatoshi, na ndugu wa wagonjwa wenyewe humshukuru, wengine humletea kahawa. Inspekta mwenyewe angefanyaje? Angekesha akimshikilia kila mzee mkono?

Yimer akauliza juu ya Fantaye. Hapo Abonesh alitazama mlango kwanza.

Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye na Fantaye wamegombana kwa ajili ya bandeji tangu siku binti huyo alipoletwa pale. Fantaye alisema kamba ni ya mbuzi. Kila aliposhika zamu, jambo la kwanza alilofanya ni kuwafungua wazee. Na Jumatatu Abonesh aliingia mapema kuliko saa yake, akavuta pazia hili, akamkuta Merigeta sakafuni, kifudifudi, hana bandeji, na Fantaye yuko upande wa pili wa wodi anabadilisha chupa ya maji ya mgonjwa.

"Nikamwambia, umemwangusha. Nikamwambia akifa mzee huyu, ni wewe uliyemuua. Tangu hapo hakunijibu tena."

"Kwa nini hukuwaambia polisi kwamba alimfungua?"

"Mngemweka ndani."

"Yuko ndani, Sista."

Abonesh akalinyoosha shuka la mzee.

Sasa Yimer alijua Fantaye alikuwa anakubali nini. Hakumpiga mtu. Aliamini kwamba mzee ameanguka asubuhi moja, na ya pili, na ya tatu, kwa sababu ya mikono yake yeye iliyofungua mafundo. Hilo pia lingetosha kumpeleka gerezani, na kama si gerezani, basi kumvua ile nguo nyeupe maisha yake yote.

Lakini kuanguka nako hakukumwingia Yimer akilini. Mtu akianguka kutoka kitandani huangukia upande: nyonga, bega, kiwiko. Haangukii magoti mawili kwa uzito mmoja, tena siku tatu mfululizo, na kila mara akagusa sakafu kwa katikati ya paji la uso. Ajali haina nidhamu ya namna hiyo.

Akazunguka pazia kwenda kwa Sheikh Arebu.

Sheikh alikuwa ameketi kitandani, mguu wake wa kisukari umefungwa kitambaa na kuegeshwa juu ya mto, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alimjua Yimer kwa hatua.

"Huyu ni mtu wa serikali," alisema. "Viatu vyake havina njaa."

Yimer akamwamkia, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, mpaka haki ya salamu ikatimia. Kisha akamwomba ayaeleze mapigo yenyewe. Yalikuwa ya mtu mwenye hasira?

Sheikh alifikiri. "Hapana, mwanangu. Mwenye hasira hupiga akachoka, akapumzika akitukana. Haya yalikwenda sawasawa, kama mwanamke anayetwanga. Pu. Kimya. Mguno. Pu tena."

"Sauti ya Sista uliisikia?"

"Sikuisikia. Nikasema labda anapiga kimya kimya, wako watu wa aina hiyo." Akasita. "Unajua, yule binti ndiye hunikata kucha. Nilimwambia yule dereva nilichokisikia, basi. Sikujua watamchukua."

Ili kuondoa uzito huo akageukia malalamiko mengine. Hospitali hii, alisema, ina panya wasio na adabu. Wanaacha mkate, wanakula msala wa mtu. Msala wake wa kuswalia, wa ukindu, ulitundikwa pale kwenye chuma, kati ya vitanda viwili, na kila akiupapasa anaukuta umepungua.

Yimer aliuvuta ukingo wa msala mpaka dirishani. Hapakuwa na meno hapo. Ukindu ulikuwa umechomolewa, uzi kwa uzi, taratibu, na mkono wenye subira. Alipogeuka arudi, aliona kidole cha Sheikh.

"Na hii nani kakupa?"

"Ah, hii." Sheikh aliinua mkono wake. Kwenye kidole palikuwa na pete nyembamba ya ukindu, imesukwa vizuri. "Huyo jirani yangu. Jumapili kanivisha. Nikamwambia, we mzee, mimi nina mke tayari. Akacheka sana. Ndiyo mara ya mwisho kusema nami. Jumatatu namtolea salamu, kimya. Jumanne, kimya. Na sisi tulikuwa tukisalimiana mpaka wauguzi wanatuomba tupumzike."

Yimer alikishika kidole kile na kukielekeza kwenye mwanga. Mbele ya pete, ukindu ulikuwa umepishanishwa kuwa msalaba mdogo, ambao Sheikh hakuuona.

Yeye aliwahi kuivaa pete kama hiyo. Katika nchi ya Wollo nyumba nyingi zina mguu mmoja msikitini na mwingine kanisani, na bibi mzaa mama yake alikuwa Mkristo. Kila mwaka, Jumapili ya matawi, bibi alirudi kanisani na pete za makuti kwa ajili ya wajukuu wote, bila kuuliza ni wa dini gani. Yimer aliivaa yake mpaka chuoni, na mwalimu wa Kurani akamchapa nayo ikiwa kidoleni.

Akarudi haraka kwa Merigeta, akaikunjua ngumi yake ya kulia. Mlikuwa na pete nyingine ya ukindu, imelowa jasho.

"Takataka hizo," Abonesh alisema nyuma yake. "Nimetupa mbili, anatengeneza tena."

"Anakula?"

"Asubuhi hali. Mchana anafunga meno. Jua likizama, mkate kidogo."

"Anasema nini?"

"Tangu Jumatatu hasemi. Ila leo, tangu alfajiri, anadai beseni. Tumempa lile la kukojolea, akalisukuma. Anadai beseni na kuangalia miguu ya huyo Sheikh, basi. Nilikwambia, akili zimekwenda."

Yimer akaketi ukingoni mwa kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi mabega yake yakishuka.

"Sista Abonesh," alisema, "leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Kwake yeye ni Alhamisi ipi?"

Abonesh alifungua kinywa kumjibu, kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka midomoni. Alikuwa Mkristo, alikuwa na alama yake usoni, na kila mwaka tangu utoto alilipita juma lile la kabla ya Pasaka pamoja na kanisa lake. Pete Jumapili. Kuanzia Jumatatu hakuna kusalimiana wala kubusiana, kwa sababu Bwana wao aliuzwa kwa busu. Chakula hakigusi ulimi mpaka jua lizame. Na mchana kutwa, saa ya tatu, saa ya sita, saa ya tisa, watu husujudu: huanguka kwa magoti na viganja, hugusa sakafu kwa paji la uso, huinuka, huanguka tena. Alhamisi, miguu huoshwa.

Nani angelitafuta Juma la Mateso katika mwezi wa Tikimt, yaani Oktoba, nafaka ya teff ikiwa mashambani na Pasaka iko mbali hata wafanyabiashara wa kuku hawajaanza kuiota? Homa ilimnyang'anya mzee kalenda. Zamu zake za ibada haikuzigusa. Usiku na jioni alilala amefungwa, akivuta. Asubuhi, Fantaye akimfungua na kwenda kwa wagonjwa wengine, mzee aliona nafasi yake, akashuka kufanya kazi yake ya miaka yote.

Lakini Yimer alikuwa mpelelezi, na wazo zuri bila ushahidi hakulipeleka kwa hakimu. Aliomba beseni la kuogea, lenye maji ya vuguvugu. Kisha akamwomba Abonesh afungue bandeji.

"Akianguka?"

"Utakuwa umemshika."

Abonesh alifungua mafundo yake mwenyewe, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Beseni likawekwa sakafuni kando ya kitanda cha Sheikh, pazia likafunguliwa. Merigeta alitazama maji. Akateremsha miguu yake myembamba, akasimama akiyumba, mkono wa Abonesh ukiwa kwenye kiwiko chake, na kabla Sista hajamzuia akashuka kwa magoti yote mawili, viganja mbele.

Pu.

Sheikh Arebu alinyanyuka kitandani. "Hiyo," alisema. "Sauti yenyewe ndiyo hiyo. Hiyo hiyo."

"Basi ndiye aliyekuwa anapigwa," Yimer alisema, "na ndiye aliyekuwa anapiga."

Merigeta aliuchukua mguu mzima wa Sheikh, akauingiza majini. Ule mgonjwa aliugusa kwa ncha za vidole tu, akaumwagia matone machache juu ya kitambaa. "Mradi usinibatize," Sheikh alisema, lakini mguu hakuuondoa.

Yimer alitoka uani kupiga simu kituoni.

Fantaye aliletwa kabla ya adhuhuri, nywele zimekaa upande, sare ile ile ya jana imekunjamana. Alikuwa binti wa makanisa mapya, yasiyosujudu wala kuvaa pete, na Yimer alilazimika kumweleza kila kitu tangu mwanzo, pale pale korido. Alisikiliza akiangalia sakafu. Yimer alipofika mwisho, Fantaye alimwuliza jambo moja tu, kama mzee hakuanguka kweli.

"Hakuanguka hata mara moja. Alishuka mwenyewe."

Fantaye akakaa chini, mgongo ukutani. Abonesh, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikwenda akakaa kando yake, sakafuni, na aproni yake yote. Baadaye kidogo mkubwa akamtengeneza mdogo nywele.

Bezabih naye alifika, akasikia, akakunja kofia yake mara nyingi. Mashtaka aliyafuta hapo hapo. Lakini Yimer alikuwa na neno jingine, na hilo halikuwa la polisi. Kesho ingekuwa Ijumaa ya mzee. Siku hiyo kwao watu husujudu tangu asubuhi mpaka jioni, na daktari aliyemsikiliza moyo alikuwa amesema wazi kwamba hauwezi. Akifungwa atavuta mpaka ukatike. Akiachwa atasujudu mpaka ukatike.

"Mwambie Pasaka imefika," Yimer alisema.

Merigeta alikuwa amelala. Baada ya kuosha miguu alirudishwa kitandani, akalala bila kamba, usingizi mzito ambao wodi haikuwa imeuona kwake tangu homa. Akiamka hatajua amelala muda gani. Bezabih alimtazama baba yake, akatikisa kichwa. Mtoto wa Merigeta amdanganye Merigeta, kwa jina la Kristo, katikati ya Tikimt? Hilo hawezi. Afadhali kugonga lori.

Sheikh Arebu alikohoa kwenye kitanda chake.

"Samahani, mimi si wa kwenu, naomba kueleweshwa. Ninyi mnasema amefufuka, au mnasema bado?"

"Amefufuka," Bezabih alisema.

"Leo pia amefufuka?"

"Leo pia."

"Basi uongo uko wapi, mwanangu? Mwambie mzee wa watu apumzike."

Mama muuza kahawa wa langoni alikuwa na majani mabichi marefu, yale anayotandaza chini ya vikombe vyake. Yimer alileta konzi moja. Ni majani ya namna hiyo ambayo makasisi huyapeleka nyumba kwa nyumba siku ya kuamkia Pasaka, na watu huyafunga kichwani. Bezabih alijifunga ujani wake, uso mwekundu kwa haya, akabakiza mwingine wa baba yake. Abonesh akajifunga. Fantaye alisita, kisha akainamisha kichwa, Abonesh akamfunga.

Walipokuwa wakingoja, Abonesh alimwuliza Yimer, bila ukali, ni nani atakayemletea majani siku mzee mwingine akishuka kitandani kutafuta ng'ombe.

"Sijui," Yimer alisema. "Ila yule bibi wa ng'ombe, kuna aliyemwuliza wako upande gani?"

Abonesh alilifikiri, ilionekana.

Jua lilikuwa limeelekea milimani Merigeta alipofumbua macho. Aliona kichwa cha mwanawe kimezungukwa na kijani. Aliona vichwa vya wauguzi. Akajaribu kuinua mkono, akiwa tayari kuvuta, na mkono ukapanda mwepesi mpaka usoni, akaukodolea macho.

"Ulilala, baba," Bezabih alisema. Akamfunga ujani, akasema neno la kwanza la ile salamu ya kale, kwamba Kristo amefufuka.

Kifua cha mzee kilichokuwa kinakoroma kikajibu. Kilijibu kwa sauti, si kwa mnong'ono, sauti iliyofundisha nusu ya mji, na baba na mwana wakapokezana salamu nzima, ya Shetani aliyefungwa na Adamu aliyefunguliwa. Abonesh aliitikia pamoja nao. Lilipofika neno hilo la Adamu, alikuwa tayari ameshika zile bandeji mbili zilizoning'inia kwenye vyuma, anazikunja, moja kisha nyingine, akazitia mfukoni.

Merigeta akambusu mwanawe, shavu hili, shavu lile, na tena hili. Akamwita Abonesh, akambusu. Akamwita Fantaye, aliyesimama mbali, akamwuliza yeye ni mtoto wa nani na kwa nini analia siku kama ya leo. Kisha akasema ana njaa.

Kilichokuwepo kilikuwa mkate wa injera na mchuzi wa shiro wa jikoni, umepoa. Mzee aliionja, akaitazama sahani, akawatazama wote.

"Hii ni Pasaka gani isiyo na kuku?"

"Pasaka ya serikali, Merigeta," Sheikh Arebu alisema kutoka kitanda cha pili. "Kula, kaka. Na salamu za siku nne nakudai, uanze kuzilipa sasa hivi."